Mtoto wa Bamba la Saba

Saa tatu kamili asubuhi, kama ilivyo ada, mji ulianza kuvunjwa.

Bosibori aliacha kikombe chake cha chai nje ya mlango, maana jiwe na chai havikai chumba kimoja, akaingia ukumbi wa makumbusho akijifunga sweta. Eldoret ilikuwa na baridi yake ile ya Julai isiyomwonea mtu haya. Mbele yake yalisimama mabamba saba ya jiwe, kila moja limempita mtu kwa urefu, na kutoka kwenye mabamba hayo mwanga ulichuruzika, ukasimama wima, ukawa watu. Kwanza walikuja wapiga mishale, wamejibanza nyuma ya ngao za matete zilizowazidi kimo. Kisha tuta la udongo na mawe, limepanda hadi kwenye ukuta wa mji. Kisha lile gari la magurudumu lenye gogo puani, likigonga ukuta, likirudi, likigonga tena, huku watu wa mji wakilirushia mienge kutoka juu ili liungue.

Ndani ya gari alikuwamo askari mmoja mwenye upawa mrefu. Kazi yake ilikuwa kumwagia gari maji lisishike moto. Basi, hiyo tu. Wenzake wanaua na kuuawa, yeye anateka maji, anamwaga, anateka, anamwaga. Bosibori alimpenda bure.

"Habari za kazi, bwana," alimwambia akipita. Askari hakuwa na nafasi ya salamu. Aliteka maji mengine.

Wageni wote waliofika hapo mara ya kwanza walifanya kosa moja. Walizunguka nyuma ya watu wa mwanga ili wawaone vizuri, wakakuta hewa. Mchongaji wa zamani alichonga upande mmoja, na upande huo mmoja ndio ulioamka. Walikuwa watu wenye jicho moja na sikio moja, wote wametazama kulia, kule mwisho wa ukumbi alikoketi mfalme kwenye kiti chake akiwangoja mateka. Jicho lao lilichongwa ubavuni mwa uso lakini kwa umbo la jicho la mbele, kwa hiyo waliweza kukuona ukisimama kando yao. Nyuma yao hawakuona kitu. Shingo ya kugeuka hawakupewa.

Mashine iliyowaamsha iliitwa Msomaji. Kila pigo la tindo huacha mchubuko ndani ya jiwe, chini kabisa ya pale macho yanapofika, na Msomaji alikuwa akisoma michubuko hiyo, pigo baada ya pigo, kwa mpangilio ule ule alioufuata mchongaji. Mapigo maelfu kwa maelfu. Humo ulipatikana mkono wake, na mkononi mwake yakapatikana yale aliyoyajua juu ya watu aliowachonga. Naye aliwajua, kwa kuwa alikuwapo vitani na aliwaona wakitoka mjini. Ndiyo maana waliongea. Ubaya ni kwamba hukuweza kumwamsha mmoja peke yake. Ukuta ulichongwa kama kitu kimoja, pigo la gurudumu likiingia kwenye mguu wa ng'ombe na la mguu wa ng'ombe kwenye nguo ya mama. Ukimwita mama, na vita vinakuja.

Ilibishaniwa miaka mingi kama watu hao wanahisi. Mwishowe ikatungwa sheria fupi, ambayo Bosibori aliiapia siku alipopewa kazi: anayejibu asidanganywe. Na kwa huruma ikaongezwa kwamba wakizimwa, wasahau. Kila siku waliamka saa tatu, wakazimwa saa nne, na kesho yake hawakukumbuka lolote.

Bosibori alifika bamba la saba. Hapo mateka walikuwa wakitoka langoni: mkokoteni wa ng'ombe, wanaume wawili wenye mafurushi, na nyuma yao mwanamke wa makamo, mtandio mrefu kichwani mpaka visigino, gunia begani.

"Wewe uliyesimama hapo," yule mwanamke alisema. Msomaji alimpa Kiswahili kizito cha watu wazima, na Bosibori alikisikia sikioni. "Samahani. Kuna mtu amenishika nguo huku nyuma. Nitazamie ni nani."

Lilikuwa swali lile lile la jana, na la juzi, na la kila siku tangu Bosibori aanze kazi hapo wiki tatu zilizopita. Naye alichungulia kama alivyochungulia siku zote. Kwenye pindo la mtandio kulikuwa na mkono mdogo, vidole vinne na kidole gumba, umekaza. Baada ya kifundo cha mkono hapakuwa na kitu. Palikuwa na doa lililofifia kwenye jiwe, upana wa sinia.

"Ni mkono wa mtoto, mama. Zaidi ya hapo jiwe limeharibika. Sijui zaidi."

"Mkono wa mtoto," yule mwanamke alirudia. Gogo liligonga ukuta. "Ananivuta sana. Nadhani ni wangu, lakini simsikii."

Akaendelea kutembea. Bosibori alibaki pale na roho yake imemnywea, jambo lililomuudhi, maana hakuajiriwa kuhurumia. Aliajiriwa kuandika hali ya jiwe.

*

Alikuwa mtu wa Tabaka, kule Kisii, kunakochimbwa jiwe la sabuni. Kwao wanaume walichonga na wanawake walisugua. Mchongaji akimaliza sanamu ya kiboko au bakuli lake analitupa kwa mama, na mama na mabinti wanalikalisha ndani ya beseni la maji, wanalisugua kwa msasa mpaka liteleze. Bosibori alisugua tangu ana miaka sita. Alisoma, akapata shahada mbili, lakini kilichomfikisha kwenye ukumbi huu ni viganja.

Mchana wa Jumatatu ile, watu wa mwanga wakiwa wamezimwa, alimpigia mama yake. Mama Kwamboka alikuwa na miaka sabini na saba na hakukubali kuonekana kwenye simu, sauti tu.

"Mama, nina pahali kwenye jiwe pananisumbua. Wote wanasema pamevunjika. Macho yangu pia yanasema hivyo."

"Sasa macho yameingiaje hapo? Nilikufundisha kusugua kwa macho?"

"Sijaweka mkono. Haturuhusiwi ovyo."

"Una kibali?"

"Ninacho."

"Basi lowesha jiwe, ufumbe macho, uweke kiganja."

"Hili halilowi, mama. Ni jasi. Likilowa linaanza kuyeyuka."

Mama Kwamboka aliguna, pengine akiwahurumia watu walio na jiwe lisiloogeshwa. "Basi pumulia kiganja chako kipate joto," alisema. "Pahali palipovunjika patakukwaruza hata pakizeeka vipi. Palipoguswa na msasa pananyamaza. Hata miaka elfu, pananyamaza. Wewe utajua, sikukulea bure."

Bosibori alipumulia kiganja, akafumba macho, akakiweka juu ya doa. Alikipeleka kushoto, akakirudisha. Kingo zilikwaruza. Katikati palinyamaza.

Alikaa hivyo muda mrefu. Kiganja kilimweleza mengi, moja baada ya jingine, kama umbea. Aliyepasugua alianza na kitu kigumu, akafuata na kilaini, akamalizia na kilaini zaidi, labda ngozi na unga wa jiwe. Watu wanaofuta kitu kwa hasira hawafanyi hivyo. Na kingo aliziacha mbaya makusudi, ili mtu akiangalia kutoka mbali adhani jiwe lilipasuka lenyewe. Halafu, mtu makini namna hiyo, aliuacha mkono. Angeweza kuufuta kwa dakika kumi.

"Mama," Bosibori alisema kwenye simu. "Pamefutwa. Kulikuwa na mtoto hapa."

"Na wewe unalia nini sasa?"

"Silii."

"Haya, hulii. Umekula?"

Alichukua kitochi cha kukagulia nyufa. Kitochi hicho kilisoma michubuko pia, ila kwa uchache, mistari mitupu kwenye kioo kidogo, bila kumwamsha mtu. Alikipitisha juu ya doa taratibu. Ikatoka miguu mitupu. Likatoka vazi fupi. Mtoto wa miaka mitano hivi, mkono mmoja kwenye pindo la mama yake, miguu ikienda mbele pamoja na wengine. Halafu kikatoka kichwa, na Bosibori akakisogeza kitochi karibu akidhani amekosea.

Kwenye ukuta ule wote kulikuwa na watu mia mbili na kumi na tisa, na wote walitazama kulia, kwa mfalme. Mtoto huyu alitazama kushoto. Alikuwa amegeuka kuangalia mji unavyoungua. Bosibori aliona kisa kizima bila kusimuliwa: msimamizi wa kazi za mfalme amepita na fimbo yake, amemwona mtoto mmoja ambaye hamtazami mfalme, amesema ondoa. Na mchongaji ameondoa. Ameondoa vizuri kabisa, kazi ya mtu mtiifu, akaacha mkono.

*

Kila doa kwenye mabamba lilipewa neno moja katika Daftari la Jiwe, na daftari hilo Msomaji alilisoma mwenyewe kila usiku. Ukiandika "pamevunjika", Msomaji hapagusi, kwa kuwa jiwe likimeguka linaondoka na michubuko yake. Ukiandika "pamefutwa", anazama chini ya msasa na kuinua kilichokuwapo. Haulizi mtu. Ndivyo alivyoundwa. Bosibori akiandika "pamefutwa" leo, kesho saa tatu mtoto wa miaka mitano angefungua jicho lake moja kwa mara ya kwanza, na kitu cha kwanza ambacho angekiona ni nyumba yao ikiungua. Kesho kutwa vivyo hivyo. Na mtondo. Maonyesho yakiisha mabamba yangerudi kwenye makumbusho ya kwao, karibu na Mosul, na huko nako yangeamshwa kila asubuhi kwa miaka isiyohesabika, na mtoto naye.

Lakini mama yake angemsikia.

Daftari lilikuwa lifungwe Ijumaa. Aliyepaswa kulitia sahihi ni Nahrin, mlinzi wa mabamba, aliyesafiri nayo kutoka huko kwao.

Bosibori hakulala vizuri. Jumanne saa tatu alipita kwa yule askari wa upawa bila kumsalimu, akaenda moja kwa moja bamba la saba. Yule mwanamke alipouliza swali lake, Bosibori hakusema hajui, kwa sababu sasa alijua.

"Ni mwanao, mama. Ameshika nguo yako. Lakini hajaamka. Zamani kuna mtu alimfuta kwenye jiwe, akabakiza mkono. Mimi naweza kumwamsha."

Mwanamke hakuonyesha kushtuka. Uso wake ulichongwa mtulivu na ukabaki hivyo hivyo, sauti tu ndiyo iliyobadilika. "Kwa hiyo sasa hivi hayupo."

"Hayupo. Uzito unaousikia ni wa mkono."

"Anaumia?"

"Hapana. Hana habari yoyote."

"Na ukimwamsha?"

"Utamsikia. Atakuita. Ila ataamka hapa." Bosibori alionyesha kwa kidevu moto, mishale, na watu waliotundikwa juu ya miti kando ya lango, ambao yeye mwenyewe huwa hawaangalii. "Na kila kukicha ataamka hapa."

Mwanamke alitembea hatua saba, nane. "Mwache alale," alisema. "Mtoto aliyelala humwamshi ukamwonyesha haya. Wewe una mtoto?"

"Sina bado."

"Ukipata utaona."

Jambo lingekwisha hapo. Lakini Bosibori aliona si haki kushika neno moja la mtu anayesahau, na Jumatano akamuuliza upya, tangu mwanzo. Siku hiyo mwanamke alijibu kabla hajamaliza.

"Mwamshe."

Bosibori alisogea karibu naye. "Mama, una hakika?"

"Mwamshe, dada yangu. Nimtie mbele yangu, nijue nina nani. Nimechoka kuvutwa na mtu nisiyemsikia." Gogo liligonga, kipande cha ukuta kikaporomoka, na juu huko mtu akapiga ukelele uliokatika katikati. "Hizi kelele zitafika alipo?"

"Zitafika."

"Utaweza kumziba masikio?"

"Siwezi kumgusa. Mimi si wa huko."

"Na mimi mkono mmoja una gunia na mwingine hauendi nyuma," yule mwanamke alisema polepole, akijifunza mwili wake mwenyewe. "Basi hapana. Nisamehe, nimesema kwa pupa. Mwache."

Alhamisi alisema mwache, tena hata kabla ya kelele. Bosibori alirudi ofisini, akafungua daftari kwenye doa la bamba la saba, akaandika "pamevunjika". Herufi kumi na moja. Katika miaka kumi na minne ya kazi hakuwahi kuandika neno ambalo kiganja chake kililikataa. Alilitazama mpaka kioo cha daftari kikajizima.

*

Nahrin alikuja Alhamisi ile ile baada ya chakula cha mchana. Alikuwa mwanamke mrefu wa miaka arobaini, mwenye mazoea ya kuvua viatu kabla ya kuukaribia ukuta, na Kiswahili chake alikijifunza miaka miwili mapema, kwa bidii, alipojua mabamba yatakuja Afrika Mashariki. Alisoma daftari ukurasa kwa ukurasa. Kwenye bamba la saba alituliza kidole.

"Dada Bosibori, madoa mengine yote umeyaandikia maelezo marefu. Hili neno moja tu."

Bosibori alikuwa amejiandaa. Alikuwa na sentensi nzima juu ya unyevu na chumvi za ardhini. Ikamkwama. Sheria ilisema anayejibu asidanganywe, nayo ilitungwa kwa ajili ya watu wa mwanga, lakini Nahrin naye si alikuwa mtu wa kujibu?

"Hapajavunjika," alisema. "Pamefutwa. Kuna mtoto chini yake."

Akamweleza yote, msasa wa mara tatu, kichwa kilichogeuka, asubuhi tatu za maswali. Nahrin alisikiliza amesimama. Mwishowe aliketi sakafuni pale pale, mgongo kwenye mguu wa meza.

"Mabamba haya yalikuwa ishirini," alisema. "Yamebaki saba. Mengine yalivunjwa kwa nyundo, mengine yaliuzwa vipande vipande. Mimi nimezunguka nchi tisa nikiokota masikio na vidole. Na wewe umempata mtoto mzima, ukataka kunificha."

"Ndiyo."

"Ungekuwa mimi ungesema nini?"

"Ningekasirika."

"Nimekasirika," Nahrin alisema, bila kupandisha sauti. "Ni wa kwetu. Aliyemchonga ni wa kwetu. Wewe ni mgeni, umemwekea mkono siku nne."

"Aliyemchonga ni wa kwenu," Bosibori alikubali. "Mama yake je?"

Nahrin aligeuza kichwa. Aliangalia upande wa ukumbi, ambako kiti cha mfalme kilikuwa jiwe tu saa hiyo. "Hilo ndilo huwa linanikosesha raha," alisema. "Watu wanadhani sisi tukiutazama ukuta huu tunajivunia. Wale wenye gari ni babu zetu, ni kweli. Na mimi bibi yangu alitolewa kijijini kwao ana miaka sita, wakati wa vita vya siku zake, usiku mmoja kijiji kizima kikatembea kwa miguu na mafurushi. Sasa mimi ni wa upande upi wa ukuta?"

Bosibori alikaa chini kando yake. "Bibi alikumbuka nini?" aliuliza.

"Nguo." Nahrin alicheka kidogo, akajifuta jicho kwa kiganja. "Tulimuuliza sana, sisi wajukuu, tulitaka habari za vita. Yeye alikuwa anatuambia nguo ya mama yake ilikuwa ya pamba, ya maua ya kijani, na jinsi ilivyokuwa inamkwangua shavuni. Vita hakuviona. Mama yake alimfunika kichwa njia nzima." Alielekeza kidevu ukumbini. "Huyu hakufunikwa."

"Huyu mama yake hana mkono wa kumfunika."

Nje mtu alikuwa akikata nyasi kwa mashine. Baadaye Nahrin aliomba aonyeshwe. Bosibori alimfundisha kupumulia kiganja, akamfunga macho kwa kitambaa cha shingoni, akamshika kifundo cha mkono na kumpeleka juu ya bamba. Hapa panakwaruza, unasikia? Hapa pananyamaza. Huu ndio mgongo. Hapa shingo inaanza kuzunguka. Sikio lilikuwa hapa.

Nahrin alikiacha kiganja hapo kwenye sikio muda mrefu. "Kesho mama yake nitamuuliza mimi," alisema. "Siwezi kutia sahihi kwa neno nililosimuliwa. Akisema aamshwe, ataamshwa, nawe hutanizuia."

"Sitakuzuia," Bosibori alisema, akilikumbuka lile jibu la kwanza la Jumatano.

*

Ijumaa saa tatu mji ulianza kuvunjwa. Nahrin alipita ukumbini miguu mitupu, daftari kifuani. Hakuwaangalia wapiga mishale wala mfalme. Bosibori alikuja nyuma yake, mikono ameikunja ndani ya mikono ya sweta, akijikataza kusema lolote.

"Ninyi mliosimama hapo," yule mwanamke alisema. "Samahani. Kuna mtu amenishika nguo huku nyuma."

Nahrin alimweleza. Kiswahili chake kilikwama mara mbili, akaendelea kwa lugha yao ya nyumbani, ambayo kwa mbali ina undugu na lugha ya ukuta, na Msomaji akaunganisha. Hakupunguza kitu. Alimwambia mtoto yupo chini ya jiwe, kwamba hana maumivu, kwamba akiamka ataita mama na ataitikiwa. Alimwambia pia ataamkia wapi, na mara ngapi. Kisha akamwambia kitu ambacho Bosibori hakuwahi kukisema, si kwa kuficha, ila hakuulizwa.

"Na usidhani atakuwa anakutazama wewe. Watu wote hapa wanatazama mbele. Yeye peke yake amegeuka. Anautazama mji."

Gogo liligonga. Mkokoteni ulio mbele ya yule mwanamke ulilia gurudumu, na wanaume wenye mafurushi wakabadilisha bega. Alitembea hatua nyingi kuliko siku zote kabla ya kujibu, na Nahrin alitembea sambamba naye kinyumenyume ili lile jicho liendelee kumwona.

"Ndiyo maana ananivuta," alisema mwishowe. "Nilidhani amechoka."

"Nimwamshe?"

"Akilala hivi hivi, ataniachia?"

"Hapana," Nahrin alisema. "Mkono hautaachia. Huo umechongwa."

"Basi mwacheni alale. Aangalie nyumbani kwetu usingizini, hapo hakuna moto." Alilipandisha gunia begani. "Mimi nitaangalia njia."

Nahrin alifungua daftari akiwa bado anatembea. Neno lilikuwapo tayari, lile la Bosibori. Alilifuta, akaliandika upya herufi kwa herufi kwa mkono wake mwenyewe, ili liwe lake, akatia sahihi, akalifunga.

Ilikuwa bado nusu saa kabla ya kuzimwa, na njia ya kwenda kwa mfalme ilikuwa ndefu. Bosibori alimzunguka yule mwanamke akaenda nyuma, kwenye ile hewa tupu baada ya mkono mdogo, pale ambapo pangekuwa na mtoto. Alisimama hapo, akageuza uso kuelekea mji unaoungua ili auone yeye badala ya mtoto, akaanza kutembea kinyumenyume, hatua kwa hatua na mama, mpaka mwisho wa ukuta.